Watoto wanasema nitawaaibisha nikihamia kwenye Hiace ya marehemu baba yao

BARUA

Mpendwa mshauri,

Nakusoma kila wiki na sikudhani siku moja nitakuwa mimi ninayeandika. Kwa umri nadhani wewe ni mwanangu, kwa hiyo nivumilie nikikuita hivyo. Jina langu usilitoe. Huku Mbagala nimefundisha nusu ya mtaa, na nusu nyingine nimewafundishia watoto wao.

Nina miaka 60. Nilistaafu mwaka jana ualimu wa sekondari, somo langu Jiografia. Mume wangu alifariki 2021. Alikuwa na Hiace ya kubeba wanafunzi, ndiyo iliyotusomeshea hawa watatu. Alipoondoka nikamweka dereva, lakini hesabu ikawa inapungua kila wiki na sababu zinaongezeka, mwishowe nikaipaki chini ya mwembe. Mpaka leo kila Jumamosi naingia naiwasha, naiacha inguruma kidogo, kama yeye alivyokuwa akifanya. Leseni ninayo, ya daraja D. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwa hiyo hiyo Hiace, kwenye uwanja wa shule siku za Jumapili.

Mwisho wa mwaka jana tulikwenda ufukweni Kigamboni, familia nzima. Wajukuu wakiwa wanaoga nikaona kigari cha zamani chenye namba za kigeni kimeegeshwa kwenye minazi, mlango wa nyuma uko wazi. Ndani mna kitanda, droo, jiko la plati mbili, dumu la maji lenye bomba, na pazia la maua. Mwenyewe ni mama Mjerumani, rika langu au mkubwa kidogo, na mumewe. Wametoka Kenya wanateremka mpaka Afrika Kusini, na humo ndimo wanamoishi. Akanikaribisha chai. Aliposikia nimefundisha Jiografia akafurahi, akatandaza ramani, akaniuliza maporomoko ya Kalambo yakoje, kama yanafaa wayazungukie. Nikamjibu vizuri sana. Nikamwambia yako mpakani mwetu na Zambia, maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, na mto unakwenda kumwaga Ziwa Tanganyika. Akasema, "Kumbe umefika."

Sijafika, mwanangu. Sijafika popote. Kwetu Muheza, kwa hiyo barabara ya Chalinze hadi Segera naijua kona kwa kona. Upande wa pili nimeishia Morogoro, kwenye kusahihisha mitihani. Isimila, Ziwa Ngozi, michoro ya mapangoni Kondoa, Bonde la Ufa lenyewe, vyote nimevichora ubaoni kwa chaki miaka na miaka, nikawaadhibu watoto walioviweka mahali pasipo.

Tangu siku ile sina usingizi mzuri. Nimekwenda Keko kwa fundi seremala, kaipima Hiace. Anasema anaweza kung'oa viti, aweke kitanda chenye masanduku chini, kabati na meza ya kukunja kwa milioni mbili na nusu, na mwenzake afunge sola juu. Nyumba kubwa nitaipangisha, uani tayari nina wapangaji wawili. Nianze Juni mvua zikiisha, nizunguke Iringa, Njombe, Mbeya, Sumbawanga, nirudi wakati wa vuli au nisirudi, nitaona. Sitaki matembezi ya wiki moja. Nataka kuishi humo.

Nilipowaambia watoto, nyumba iligeuka. Mkubwa wangu, ana kazi nzuri ofisini, alisema, "Mama, unataka watu waseme tumekutupa? Mwalimu mzima ulale garini kama utingo?" Akaongeza kwamba kama gari halina kazi tuliuze tugawane yaishe. Binti wa kati hakusema kitu. Yeye ana duka Kariakoo na watoto wake wawili, wa miaka saba na wa minne, wanashinda kwangu tangu asubuhi mpaka arudi. Alichukua vyombo akaenda kuosha, na tangu hapo ni shikamoo na kwaheri. Kitindamimba ndiye pekee aliyeruka kwa furaha. Ana bodaboda, ana miaka 26, anasema ataiuza tuondoke wote, yeye awe dereva wangu.

Nina presha, nakunywa dawa kila siku, lakini sijawahi kulazwa. Kwenye kikoba chetu mimi ni mweka hazina, nao wamecheka mpaka wakalia. Mmoja aliniambia pembeni kwamba mjane anayelala barabarani anajitafutia makubwa. Gari bado lina jina la marehemu. Mirathi hatukufungua, tuliona hatuna cha kugombania.

Naomba unieleze bila kunionea haya. Je, nina haki ya kufanya jambo hili, au ni utoto wa uzeeni?

Mwalimu mstaafu, Mbagala


JIBU

Mwalimu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kwanza nikicheka, kwa jinsi ulivyomjibu yule mama wa Kijerumani kama anayetahiniwa. Kisha nikairudia na kalamu mkononi.

Nilivyokuelewa ni hivi. Umelea, umefundisha, umezika mume. Sasa una pensheni, gari, na afya inayohitaji uangalizi lakini haijakuangusha. Unataka kutoka kwenye nyumba uliyoijua na kuishi barabarani, angalau kiangazi kizima. Mkubwa anakataa, wa kati amenyamaza, wa mwisho amekubali haraka mno. Nawe unaniuliza kama una haki. Hilo sitalikalia. Mtu mzima wa miaka 60 kuchagua pa kulala hakuna mjadala mrefu, na nadhani hata mkubwa wako ukimbana atakubali. Kinachowasumbua wote wanne nyumbani kwenu nadhani ni kingine, na kwa bahati nzuri umekiandika mwenyewe, ila umekipitia haraka.

Tuanze na huyo mkubwa. Unaamini anaogopa midomo ya watu, na inawezekana. Lakini hebu fikiria umefika Njombe saa kumi alasiri. Baridi imeanza kushuka. Unampigia mwanafunzi wako wa zamani, maana mwalimu wa miaka yako hakosi mwanafunzi mkoa wowote. Anakuja mbio kukupokea, unaegesha uani kwake, mnakula, mnakumbushana. Kisha unasimama unamwambia, "Haya, usiku mwema, mimi nakwenda kulala garini." Unadhani atakuachia? Atamtoa mtoto wake kitandani, atabadilisha shuka, na mkewe atakasirika ukikataa. Kwetu hakuna anayeweza kulala ndani huku mwalimu wake yuko nje kwenye bati.

Sasa kama mwanafunzi anaona hivyo, mtoto wa kumzaa aone vipi? Huenda mkubwa wako hasemi kwamba umechanganyikiwa. Huenda anaona kwamba mama akilala nje, yeye ndiye aliyeshindwa kumpokea. Ukimjibu kwa habari ya haki zako, mtakuwa mnaongea mambo mawili tofauti na kila mmoja atatoka ameumia. Ningependa umuulize jambo moja tu: mimi nikiwa Iringa, wewe ungetaka nilale wapi? Umwache ajibu mpaka amalize, bila kumsahihisha. Najua kwa mwalimu hilo ni gumu.

Na hili la wenyeji linaigusa ndoto yenyewe. Wale Wajerumani uliwaona jioni, wametulia, chai iko mezani. Sehemu kama zile za Kigamboni huwa wageni wanalipia kwa usiku, kuna vyoo, maji na mlinzi. Hawana shangazi Makambako wa kuwauliza kwa nini wamepita bila kusimama. Wewe utakuwa nao, na wengi. Zipo siku kitanda chako cha milioni mbili na nusu hutakilalia kabisa, na utaondoka asubuhi na kuku hai kwenye kapu. Kama unachokitamani ni kuwa peke yako, usiamue chochote na mtu, ujue barabara zetu hazikupi upweke kirahisi. Kama unachokitamani ni kuona nchi na kupokelewa, hapo umetajirika kuliko wale Wajerumani. Sijui ni kipi kati ya hivyo viwili. Barua yako inavitaja vyote kwa pumzi moja.

Pale mkubwa aliposema "tuliuze tugawane" ndipo nilipoweka kalamu chini. Mwalimu, unasema hamkuwa na cha kugombania. Gari mnalo, na tayari watu watatu wana mipango mitatu juu yake: wewe uishi humo, mkubwa liuzwe, wa mwisho aliendeshe. Kisheria gari hilo bado ni mali ya marehemu. Hata wewe mjane huwezi kulihamisha jina, kuliuza wala kuligeuza kwa amani mpaka awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Njia yake inajulikana: cheti cha kifo, kikao cha ukoo chenye muhtasari ulioandikwa na kusainiwa, kisha Mahakama ya Mwanzo. Hakuna anayependa kikao hicho. Lakini kukiepuka maana yake ni kwamba siku ya kugonga au kugongwa huko mbali, utasimama mbele ya trafiki na kampuni ya bima na kadi yenye jina la mtu aliyefariki 2021. Dai la namna hiyo linaweza kukwama muda mrefu, na lililokwama kwenye ajali lina majeruhi ndani yake.

Kuna na hili dogo. Kama Hiace ilikuwa ya biashara, bila shaka bado ina namba nyeupe na imeandikishwa kubeba abiria. Leseni yako ya daraja D ni ya gari binafsi. Ukiitoa kwenye biashara, inatakiwa ibadilishwe TRA, Mamlaka ya Mapato, ipate namba ya njano, na mabadiliko ya ndani, viti kuondolewa na kitanda kuingia, yaonekane kwenye kumbukumbu. Usiponifuata katika hili, utalisimulia kwa kila askari kuanzia Kibaha mpaka Tunduma.

Kuhusu binti, naomba tuende polepole. Umeandika mistari michache sana juu yake, na ndani ya mistari hiyo kuna watoto wawili wanaoshinda kwako kila siku. Amekuwa na duka kwa sababu wewe upo. Ukiondoka Juni, yeye Julai atafanya nini? Atafute dada wa kazi, amlipe, amwamini na mtoto wa miaka minne, au afungue duka saa nne badala ya saa moja. Sisemi kwamba malezi ya wajukuu ni kazi yako. Ulishalea wa kwako. Ninachouliza ni kama mtu yeyote amewahi kulisema jambo hilo kwa sauti katika nyumba yenu, kwamba ni kazi, na kwamba umeifanya bila malipo wala likizo. Nashuku hapana. Kwa hiyo yeye hawezi kulalamika, maana atalalamika nini, na wewe huwezi kusema umechoka, maana utaonekana huwataki wajukuu. Matokeo yake mmoja anaosha vyombo na mwingine anatafuta seremala.

Ukizungumza naye, usianze na Hiace. Anza na watoto. Mpe muda wa kutosha kabla ya Juni atafute njia nyingine, na uwe tayari kusikia jibu usilolipenda. Anaweza kukuomba usubiri mpaka yule mdogo aanze shule. Anaweza pia kukushangaza akasema nenda mama. Kuna watu wananipendekezea katika barua zao kwamba wajukuu wachukuliwe safarini wakati wa likizo ya Juni. Kwa yule wa miaka saba, kwenda Muheza na bibi kunaweza kuwa jambo zuri. Ila jihadhari usije ukahamisha kituo cha kulelea watoto kutoka sebuleni kwenda kwenye magurudumu, ukadhani umesafiri.

Kitindamimba wako nimempenda, lakini nina swali ambalo huenda limekupita: Hiace itakuwa na kitanda kimoja. Mtu wa miaka 26 hawezi kulala na mama yake kwenye sanduku la mita tatu. Atalala wapi, kwenye hema? Kwenye gesti kila usiku, kwa hela ya nani? Na akishauza bodaboda, akirudi Dar atarudi kwenye nini? Furaha yake inaweza kuwa ya kukusindikiza, na inaweza kuwa ya kukimbia msongo wa kukaa kijiweni akisubiri abiria. Yote mawili yanaeleweka. Kabla hajaiuza, ningependa mkae mpange mshahara wake kama dereva, au muamue kwamba atakusindikiza kipande tu, tuseme mpaka Iringa, kisha arudi na basi.

Sasa barabara. Hapa nitakuwa mrefu, maana naona umeipanga kwa ramani zaidi kuliko kwa tumbo na mgongo.

Dar hadi Mbeya ni takriban kilomita 830. Hiace ya dizeli iliyochoka kidogo ihesabie lita moja kwa kilomita kumi, kwa hiyo kwenda tu ni lita themanini na kitu, kabla hujafika Tunduma wala Sumbawanga. Zidisha kwa bei ya sheli ya wiki hii, weka kando ya pensheni yako ya mwezi, uone kinachobaki kwa chakula na tairi. Huenda ukagundua kwamba kuishi barabarani kwa bei unayoimudu ni kukaa mahali pamoja wiki mbili tatu, si kusafiri kila siku. Wengi wanaoishi hivi ndivyo wanavyofanya.

Mikumi barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50. Pita mchana, taratibu, usisimame kupika wala kulala humo. Ukigonga mnyama faini yake si ya mwalimu mstaafu. Kitonga utapanda nyuma ya malori yanayotambaa, na siku ya kurudi utateremka nayo. Hapo gia nzito ndiyo inayokushikilia, breki zikichemka hazisikii maombi. Fanya breki na tairi zikaguliwe kabla ya kitanda. Najua kitanda ndicho kizuri. Na ujiwekee sheria ya kusimama saa kumi, si saa moja ya usiku, kwa sababu giza la barabara zetu lina malori mabovu yasiyo na taa na bodaboda zisizoonekana.

Yule mwenzio wa kikoba aliyekutisha hakukosea kabisa. Kulala pembeni ya barabara peke yako sikushauri, hata mwanamume simshauri. Wezi wa mafuta na betri wanaijua vizuri gari iliyolala. Lakini kuna namna ya kupiga hodi. Parokia na misheni, uwanja wa gesti yenye ukuta ambako unaomba kuegesha kwa malipo kidogo, sheli kubwa zenye walinzi ambako madereva wa malori wanalala. Kijijini unakwenda kwanza kwa mtendaji au mwenyekiti, unaandika jina kwenye kitabu cha wageni, unaeleza wewe ni nani. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako Mbagala itakusaidia kuliko kufuli. Mwanamke aliyejitambulisha kijijini ana macho mengi yanayomlinda, aliyejificha hana hata moja.

Choo. Wanaoandika habari za maisha haya hulipita jambo hili kwa aibu. Baadhi ya dawa za presha zinaongeza mkojo, nawe utaamka usiku. Muulize daktari wako kama unaweza kunywa ya kwako asubuhi, na uwe na ndoo yenye mfuniko imara ndani ya gari, usiwe unafungua mlango saa nane za usiku mahali usipopajua. Chukua dawa za kutosha muda wote wa safari na ujue hospitali ya rufaa ya mkoa iko wapi kila unapolala: Morogoro, Iringa, Njombe, Mbeya na Sumbawanga zote zinazo. Madirisha yawekwe wavu wa mbu. Ukiwa Pwani bila wavu utachagua kati ya mbu na joto, na bati la Hiace mwezi wa Februari hapa Dar halikaliki hata mchana.

Na baridi ndiyo inayoua, mwalimu, nalisema bila kupunguza. Juni na Julai Njombe, Mufindi na Makete ni baridi kali. Utatamani kuingiza jiko la mkaa dakika kumi tu upate joto. Usiingize, hata likiwa limebaki makaa. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala moshi, inakulaza tu, na kila mwaka kuna familia za nyanda za juu ambazo haziamki kwa sababu hiyo, tena ndani ya nyumba zenye dari. Ndani ya Hiace iliyofungwa ni haraka zaidi. Mtungi mdogo wa gesi nao upikiwe nje au milango ikiwa wazi, na ufungwe kabla ya kulala. Joto la usiku litoke kwenye blanketi mbili na chupa ya maji ya moto.

Vituo vyako vingine vinafikika vizuri. Isimila iko karibu na mji wa Iringa, kando ya njia yako ya kwenda Mbeya, na Kalenga kwenye fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954 si mbali. Ngozi utapanda kwa miguu msituni, kwa hiyo mwambie daktari kwanza. Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni lami. Kipande cha mwisho cha kwenda Kalambo waulize wenyeji wa Matai hali yake kabla hujaiingiza Hiace, ambayo tumbo lake liko chini.

Hili la nyumba pia liangalie tena. Ukipangisha nyumba kubwa, mpangaji atalipa kodi ya miezi sita na ataingia na makochi yake. Wiki ya tatu ukiugua au ukichoka, utarudi wapi? Kwa mkubwa, ukiwa umempa ushindi? Wapo wanaobakiza chumba kimoja na kufuli lake. Kipato kinapungua, lakini usingizi unaongezeka. Na masika lazima yakukute mahali. Masika ya 2024 mvua na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini pale Somanga, magari yakalala njiani, na waliokuwamo hawakuwa wamepanga kuishi humo.

Mwisho nina swali ambalo nimesita kuliandika. Katika barua yako, kila unapoitaja Hiace marehemu yumo: alivyoiwasha, alivyokufundisha. Lakini maporomoko na mapango umeyataja peke yako, tangu darasani. Je, unachokitaka ni gari lile au ni pale mahali? Kwa sababu pale mahali pana basi. Unapanda Mbezi alfajiri, unalala gesti yenye maji ya moto, na kwa milioni mbili na nusu za seremala unaweza kuzunguka sana. Siulizi ili nikukatishe tamaa. Ukikaa na swali hili ukaona jibu ni gari, kwamba unataka kwenda nalo kwa sababu ni lake, hiyo nayo ni sababu, na huenda watoto wakaielewa kuliko habari ya Wajerumani. Kwao pia lilikuwa gari la baba. Sidhani kama umewaambia kwamba unaliwasha kila Jumamosi.

Kati ya kubaki na kuhama kabisa kuna hatua ndogondogo. Unaweza kuweka godoro tu, bila seremala, ukalala humo usiku mmoja uani kwako, mtaa ucheke umalize. Ukaenda Muheza barabara unayoijua, ukalale kwa ndugu wakikukatalia garini. Utajua kama mgongo unakubali, kama mikono yako inatosha kwenye usukani kwa saa tano, na kama usiku wa tatu bado unafurahi. Ubaya wa majaribio ni kwamba familia inaweza kuyatumia kukuchelewesha mwaka baada ya mwaka, na miaka 60 haisubiri vizuri. Hilo nalo lipime.

Fundi wa Keko mwambie asubiri. Asing'oe kiti hata kimoja wala kutoboa paa kwa ajili ya sola mpaka kikao cha ukoo kikae na msimamizi apatikane, kwa kuwa viti vile navyo ni sehemu ya mirathi, na kiti kilichokwisha kuuzwa kama chuma chakavu kinaweza kuharibu kikao kilichoanza vizuri. Kama tayari umempa kishika uchumba, mwombe stakabadhi.